Bolti Inayong'aa Chini ya Lori la Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba 1957

Nimeshinda! Mshenga wangu Zacharia amerudi na jibu la Ba Goodson, baba yake Ennie ninayemposa. Huku Nchelenge, anayetaka kuoa hulima kwanza shamba la wakwe. Mimi na jembe hatupatani. Kwa hiyo nilimtuma Zacharia akaseme kwamba mimi, Rabson, ni fundi wa magari niliyefunzwa Elisabethville, Kongo, na kwamba mikono ya fundi si ya kuharibiwa na mihogo. Ba Goodson amekubali! Nitahudumia lori lake la samaki. Kazi ya kwanza ni keshokutwa: kumwaga oili ya zamani, kuweka bolti mpya kwenye tundu la chini ya injini (iliyopo imelika, inavuja), kisha kutia oili mpya. Akiridhika, harusi kabla ya mvua.

Elisabethville nilikuwa mlinzi wa geti. Lakini lilikuwa geti la karakana. Mengi niliyaona, ingawa kwa mbali.

Chishimba amenuna. Huyu hubeba samaki kwa baiskeli kutoka Kabuta, na macho yake hayabanduki kwa Ennie. Alikuwa tayari kulima shamba lote, na visiki ang'oe. Pole yake.

Jumanne, 8 Oktoba

Maagizo ya Ba Goodson yamekuwa mengi kama ya muuguzi. Lori lisimame mahali pa tambarare. Beseni liwe kubwa. Mchanga umwagwe chini kwanza. Oili ikishatoka, niende dukani na bolti ya zamani mkononi, niilinganishe na mpya.

Fundi mzima apite sokoni na chuma kinachodondosha oili? Aibu! Nimekwenda dukani leo, mikono mitupu na safi. Mwenye duka akanimwagia mezani bolti za kila unene. Nilikuwa karibu kumwambia nitarudi kesho. Mara sauti nyuma yangu. Chishimba, amekuja kununua mpira wa baiskeli. Akasema kwa Kiswahili cha Kongo, ambako bolti huitwa bulon, "Weye fundi, bulon haipimwe na macho. Lete kwanza ile ya zamani."

Basi nikachukua palepale iliyo nene kuliko zote. Ya shaba, inang'aa kama kengele ya kanisa. Angesema mwingine, labda ningesikiliza.

Jambo la beseni. Kubwa liko jikoni kwa mama mkwe, na mimi siruhusiwi hata kukutana naye macho mpaka siku nitakapoingizwa kwake rasmi. Tukikutana njiani, yeye hushika kichaka cha kulia, mimi cha kushoto. Nitamwombaje beseni? Ningeweza kumtuma Ennie. Lakini Ennie angeuliza fundi gani hana beseni. Nitatumia langu la kunawia uso.

Jumatano, 9 Oktoba

Ole wangu.

Nililiegesha lori nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Hesabu yangu: gari likiinama, oili inatoka upesi. Mchanga sikumwaga, kwani uko ufukoni na ziwa liko mbali kidogo. Nikajilaza chini ya injini, nikafungua. Kweli ilitoka upesi! Ya moto, nyeusi, ikaruka juu ya beseni na kuingia kwapani mwangu. Bolti ya zamani ikaniponyoka, ikazama ndani ya beseni. Nikashika ile mpya. Haikuingia. Nikaisukuma, nikaigonga, nikaiomba kwa jina la Bwana. Nene mno. Beseni likajaa. Nikaziba tundu kwa kidole gumba.

Hapo nikaona miguu. Miguu ya mama mkwe!

Alikuja na jirani yake, mama mmoja aitwaye Bana Chabu. Wakatandika mikeka chini kidogo ya lori, wakaanza kuanika mihogo iliyokwisha kulowekwa, myeupe. Hawakujua niko chini. Kutoka siwezi. Kukohoa siwezi. Mkwe kukutwa amelala miguuni pa mama mkwe! Nikabana pumzi. Kidole kinaungua.

Halafu wakaanza kunizungumzia. Mama mkwe akasema mihogo hii ni ya ugali wa harusi. Akasema awali alinishuku, lakini sasa anaona nina adabu: hajasikia hata sauti yangu. Akasema leo jioni atamwambia mumewe siku ipangwe, kwani Ennie tangu Jumatatu anaimba akitwanga.

Anaimba! Ennie wangu! Furaha ikanipanda mpaka mkononi, na kidole kikachomoka.

Yote iliyobaki ikashuka mteremko. Ilifika kwenye mikeka kabla sijalikuta tundu tena. Bana Chabu akapiga yowe. Mama mkwe akachungulia chini ya lori, akaniona, akaona mihogo, akajifunika uso kwa chitenge na kukimbia. Bana Chabu ndiye aliyenivuta kwa miguu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Zacharia amekuja na uso wa huzuni. Anasema ningeita tu. Neno moja, "Mama, sogea", halafu ningelipa kuku wa kuomba radhi, yakaisha. Kuku mmoja! Ninao wanne.

Ba Goodson jana jioni hakugombana. Aliuliza swali moja tu: bolti hii aliichagua nani? Ulimi wangu ukakimbia mbele yangu. Nikasema Chishimba ndiye aliyenidanganya, kwa wivu. Ba Goodson akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeamini. Nilipumua. Lakini usiku sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kidole.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mwenye duka amesema yote. Aliulizwa na Ba Goodson, akajibu.

Ennie mwenyewe alinisimamisha njiani. Tulisema Kiswahili chake cha wateja wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, wapitao wasielewe. Akasema, "Mihogo si kitu, tutachimba ingine. Lakini Chishimba alikusaidia, na weye unamupakaza uchafu. Kesho ukikosea nyumbani, utasingizia nani, mimi?" Alikuwa na macho mekundu. Nilitaka kumwambia najuta, na kweli najuta. Badala yake nikasema ile bolti haikuwa mbaya, tundu ndilo dogo.

Jioni Zacharia akanirudishia ushanga wa posa alioupeleka kwao Ennie.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepita karibu na shamba la Ba Goodson. Chishimba analima. Ennie alikuwa amempelekea maji, akasimama pale mpaka amalize kunywa. Nilijificha nyuma ya kichuguu nikawatazama. Shamba lenyewe si kubwa. Mtu angelimaliza kabla ya mvua.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada Zacharia alinihurumia. Anasema kule Kilwa, kisiwa cha ziwa letu hapa, kuna mzee mwenye boti ya mashine na binti wa kuolewa, na mzee huyo anatafuta mkwe wa kulima. Nikamwambia ampelekee habari kwamba mimi ni fundi wa boti. Akaniuliza niliwahi kushika boti lini. Nikajibu Kasenga, nyingi sana. Nilizitazama pale bandarini siku nzima nikingoja kuvuka kurudi kwetu. Na majini hakuna mteremko, na oili ikimwagika inakwenda zake!

Zacharia anavuka kesho. Jina la binti alinitajia mara mbili. Sikulishika. Nilikuwa nasikiliza kama kwa Ba Goodson kuna mtu anayeimba akitwanga.