Mtani Aliponiambia Gari Limekufa

Jamani, leo sina pa kuweka uso. Naandika nimejifungia chumbani na nje bado wanacheka. Sauti ya mke wangu naisikia vizuri tu, imo humo humo.

Nianze na dada. Dada yangu Kabula yuko kwetu Sikonge, kule Tabora, na ndiye aliyenilea. Siku naondoka kuja Dar alinisindikiza mpaka stesheni. Treni ikaanza kutembea, nami nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele: "Dada, nitarudi na gari langu!" (Ujana bwana. Hata baiskeli sikuwa nayo.) Tangu hapo nimekaa Temeke mpaka mvi zimeota masikioni, lakini usingizini bado niko kwenye miombo ya kwetu, nafuata nyuki. Mvua ikinyesha huku natoka nje ninuse kama itanukia kama ya kule. Hainukii. Huku inanuka mtaro.

Sasa dada macho yanamwishia. Kaniambia kwenye simu, "Njoo nikuone, mdogo wangu, wakati bado naona." Nikamjibu nakuja, na lile gari nakuja nalo.

Hapo ndipo anapoingia Pazi. Pazi anauza magari yaliyotumika, hapa hapa Temeke. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi. Basi mnajua wenyewe, watani toka enzi za mababu. Tukikutana ni matusi mpaka wapita njia wanataka kutuamua. Nilipofiwa na shemeji yangu, Pazi alishuka kaburini akakaa, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa! Maiti anasubiri pale. Haya, nimetoka nje ya njia, turudi.

Asubuhi hii nimekwenda kwake na mke wangu, Mama Shija. Nikaona kigari cheupe kinang'aa, moyo ukaruka. Pazi akaweka mkono juu ya boneti, akasema:

"Mnyamwezi, hili maiti. Lilipata ajali, watu wa bima wakalifuta. Mbele ni gari jingine, nyuma ni jingine, katikati wameunga kwa kuchomelea. Kafugie kuku."

Nilicheka mpaka machozi. "Mzaramo una wivu wewe!"

"Nakwambia kweli."

"Mzaramo alianza lini kusema kweli?"

"Babu yako alikuja pwani kwa miguu, mzigo kichwani. Wewe gari la nini, mpagazi?"

Ah, hapo nikajua utani mtupu. Hata bei yake, ilivyokuwa ndogo, nikaona ndiyo heshima ya mtani. Mama Shija akanivuta shati. "Baba Shija, mbona huyu hacheki?" Nikamwambia wanawake hamjui utani. (Neno hilo nimerudishiwa leo mara nyingi sana.)

Nikamlipa hapo hapo, akapokea anatikisa kichwa, nikaliendesha mpaka nyumbani. Lilikuwa linakwenda upande upande kama kaa. Nikasema barabara mbaya. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa teke. Nikasema mpira mgumu. Mtu akitamani kitu jamani, anakitetea kuliko wakili.

Nyumbani majirani wote nje. Tukapakia nazi, dagaa, na doti ya khanga ya dada, nyekundu ile inayowaka, ili aione. Jirani akatusomea dua ya safari. Mpaka mkwe wangu, mama yake mke wa Shija, alifika kutuaga. Mie suruali mpya, miwani ya jua. Mama Shija akakaa nyuma kama mke wa waziri. Nikapiga honi, nikaondoka, tairi likatumbukia kwenye kishimo pale pale mlangoni.

Kraaa!

Gari likakaa kitako. Katikati chini, mbele juu, nyuma juu. Mie natazama mawingu, magoti ya Mama Shija yamo mgongoni kwangu. Milango yote imekwama. Na simu ikaita. Dada!

"Mmeshaondoka?"

"Tumo ndani ya gari, dada." (Uongo uko wapi?)

"Mbona nasikia makelele?"

"Watu wanatuaga."

Akashukuru Mungu. Nilitamani nimezwe na ardhi, na gari lenyewe lilikuwa limeshaanza kumezwa.

Vijana wakanivuta kwa dirishani kama mbuzi. Mie nikatoka. Suruali ikabaki, imenasa kwenye kitasa. Mbele ya mkwe! Mama wa watu akajifunika khanga uso mzima, akaondoka anapapasa ukuta.

Nikajifunga shuka nikafoka: "Niitieni tapeli Pazi!" Akaja. Hakutukana hata kidogo, ndiyo ikaniuma zaidi.

"Mtani, nilikwambia au sikukwambia?"

Nikamtazama mke wangu. Nusu yake ilikuwa bado dirishani.

"Alikwambia," akasema. "Mie nilikuwepo."

Mtaa mzima chini kwa kicheko. Pazi akasema hela yangu atanirudishia, ila na yeye anadai kuku wa msiba, maana kafiwa na gari mara mbili.

Nikaingia ndani, nikampigia dada. Nikamweleza yote, mpaka suruali. Akanyamaza. Nikajua nimemvunja moyo. Kumbe anacheka, kicheko kile cha utotoni, cha kukosa pumzi.

"Mdogo wangu," akasema, "gari ningelionaje? Hata mtu akisimama mlangoni siku hizi naona kivuli tu. Wewe panda basi uje. Nataka nikushike kichwa nijue kama una upara kama wa baba."



Kesho alfajiri tuko kwenye basi. Na upara ninao, jamani. Msicheke.