Mechi Themanini na Moja

Wananchi wote wa Santa Rufina wanaarifiwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mabishano kuhusu mustakabali wa timu ya besiboli ya mji, Kaa wa Santa Rufina, yatafanyika kwa utaratibu. Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kinyozi, kwenye dirisha la duka la mikate lisilo na mikate, na kwenye zile benchi tatu za saruji katikati ya bustani, ambako mabishano hayo yamekuwa yakifanyika bila utaratibu wowote tangu kabla ya waliolibandika kuzaliwa.

Sababu zilikuwa nzito na za kisayansi. Msimu uliopita Kaa walicheza mechi sabini na tano, wakapoteza sitini na moja. Kamati ya Uchunguzi ikakaa miezi minne, ikagundua chanzo. Hakikuwa upungufu wa warushaji, ingawa timu ilikuwa na mrushaji mmoja na mwingine wa kubahatisha. Chanzo kilikuwa mashabiki. Kabla msimu haujaanza, watu wa Kona Moto, maana ndivyo benchi zile zilivyoitwa, walisema waziwazi, tena kwa sauti kubwa, kwamba timu haina mikono ya kurusha. Maneno yakasafiri hewani mpaka uwanjani, mikono ikayasikia, ikakata tamaa. Ripoti ilikuwa na mchoro wenye mishale.

Kwa hiyo Idara ya Michezo na Shauku ya Manispaa iliamua hivi: Kona Moto itatoa Makadirio ya Pamoja, yaani namba moja ya mechi ambazo Kaa watashinda, iliyokubaliwa na wote, ifikapo Jumamosi saa sita mchana. Isipotoa, Kona itafungwa, na benchi zake tatu zitahamishiwa kwenye ua wa Idara, ambako wananchi wanaosubiri huduma wamekuwa wakizisubiri wima.

Kazi hiyo akakabidhiwa Wenceslao Quiala, afisa mwenye miaka hamsini na minane, ambaye kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kuandika barua za kutiwa saini na watu wengine. Nyumbani, mke wake na mama mkwe walikuwa wakizungumza yeye akiwa katikati, kama meza. Ofisini mambo yalikuwa yale yale, tofauti ni kwamba huko meza alipewa. Mahali pekee duniani Wenceslao alipowahi kunyamazisha watu arobaini ni pale Kona, jioni moja miaka saba iliyopita, alipothibitisha kwa tarakimu kwamba kocha alikosea kumtoa mrushaji katika kipindi cha nane. Walimpigia makofi. Mmoja alimkumbatia. Hakuwahi kumsimulia mtu habari hiyo, kwa sababu hakuwa na wa kumsimulia isipokuwa wale wale waliopiga makofi. Kona ikifungwa, Wenceslao atabaki na meza.

Jumatatu saa kumi jioni akafika na fomu, filimbi na rula. Akasoma masharti. Mchangiaji atainua mkono. Atazungumza dakika tatu. Kidole chake hakitaikaribia pua ya mchangiaji mwenzake kwa umbali unaopungua sentimita thelathini.

Sasa, pale Kona kidole chini ya pua si tusi. Ndiyo nukta ya kumalizia sentensi. Ukikiondoa, watu hawajui wamefika wapi na hoja. Basi wanaume wakakaa kimya mikono mapajani, muuza karanga akashusha sauti, na mama mmoja aliyekuwa akikatiza bustanini akauliza msiba ni wa nani.

Yuyo Barbán, fundi viatu, mwembamba, mwenye mdomo mpana kuliko mabega yake, akainua mkono.

"Afisa, naomba ruhusa ya kukohoa. Nijaze fomu gani?"

"Yuyo, usinianze," Wenceslao akanong'ona. "Mimi si mtu wenu?"

"Mtu wetu hana filimbi, kaka."

Kesho yake filimbi ikabaki mfukoni, na rula ikapewa kazi ya kuvunjia karanga. Kufikia Jumatano kelele ilikuwa imerudi kiasi kwamba padri alifunga madirisha ya upande wa bustani. Walipitia timu mtu kwa mtu. Aliyeongoza, kama kawaida, ni Mama Zoraida Mompié, miaka sabini na mmoja, msokotaji sigara mstaafu. Miaka arobaini alisokota kiwandani huku msomaji akiwasomea magazeti kwa sauti kutoka kwenye kile kiti chake kirefu, na hakuna tarakimu ya besiboli iliyopita masikioni mwake ikatoka. Alieleza kwamba yule mrushaji wa kwanza sasa anaendesha lori la maziwa na amenenepa kwa furaha. Wa pili bega lake linatoa sauti ya bawaba. Mdakaji ana mchumba mkoa wa jirani, na kila wakienda kucheza kule macho yanakuwa jukwaani. Hesabu yake ilikuwa mechi kumi na tisa. Wengine walisema ishirini na mbili. Mmoja alisema thelathini, akaombwa akae kivulini. Baada ya siku mbili za kukoromeana Kona ikakubaliana: kumi na tisa. Wenceslao moyoni alikuwa na kumi na saba, lakini alimeza.

Namba hiyo akaipeleka kwa Mkurugenzi wa Idara, Ndugu Osmundo Larrinaga, mtu ambaye hajawahi kuona mechi mpaka mwisho, kwa sababu wakaao viti vya heshima huondoka mapema.

"Kumi na tisa si namba," alisema Larrinaga. "Ni malalamiko."

Akaamuru irutubishwe. Kitengo cha Takwimu kikaongeza mechi ishirini za hamasa ya wananchi. Kitengo cha Vijana kikaongeza kumi na tano, moja kwa kila tawi. Utamaduni wakaongeza nane, ili wasionekane hawakuwepo. Ilipofika sitini na mbili ikasikika kwamba manispaa ya jirani imekadiria sabini. Hapo Mkurugenzi akachukua kalamu mwenyewe, akafikiri kidogo, akaandika themanini na moja, kwa kuwa ilikaa vizuri kwenye karatasi.

"Ndugu Mkurugenzi," Wenceslao akasema, "msimu una mechi sabini na tano."

"Nani kasema?"

"Ratiba."

Larrinaga akamtazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyejua. "Mawazo ya namna hii, Quiala, ndiyo yaliyotupotezea mechi sitini na moja."

Ijumaa saa kumi Wenceslao akasimama mbele ya benchi, akaitaja namba. Kisha Yuyo akataka kujua zile mechi sita za ziada zitachezwa wakati gani, wachezaji wakiwa usingizini au wakiwa wamekufa. Wengi walisema kesho namba ikiletwa kupigiwa kura waseme hapana, benchi ziende zake, wao watabishana wima. Mama Zoraida akawauliza kama wao watabishana wima, magoti yake yeye yatabishania wapi. Wenceslao akawaambia kwa sauti iliyokwaruza kwamba hata huko kusimama hakutakuwepo. Kuanzia Jumatatu, watu zaidi ya wanne wakisimama pale watahesabika ni mkusanyiko usio na kibali. Barua ya kusema hivyo imeshaandikwa. Aliiandika yeye.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Hiyo namba ni ya nani?" akauliza Mama Zoraida.

"Ya Idara, mama."

"Idara haina miguu. Hapa namba ina mwenyewe."

Kila mtu pale alijua maana yake. Kona haipokei namba yatima. Ukitaja namba, unasimama katikati ya duara, saa kumi kila siku, ukiitetea mbele ya yeyote mwenye swali, mpaka itimie, au mpaka uifute kwa mdomo wako mwenyewe, kofia mkononi. Marehemu mume wa Zoraida aliwahi kuitetea namba moja kwa misimu miwili na homa ya mapafu.

"Basi tuandikie hiyo tu," alisema bibi yule. "Desturi ya Kona, iwe kifungu kwenye waraka wa Makadirio. Wewe si unayajua maneno yao?"

Aliyajua. Wenceslao akakaa kwenye taipureta akaandika Kifungu cha Tisa, sentensi moja ya ukurasa mmoja na nusu. Ilianza hivi: "Kwa kuzingatia umuhimu wa kuimarisha uwajibikaji shirikishi wa mtoa-makadirio katika ngazi husika, na pasipo kuathiri matakwa ya vifungu tangulizi, mtia saini atahakikisha uwepo wake endelevu katika eneo la utekelezaji..." Na ndani kabisa, kama mwiba wa samaki kwenye mchuzi mzito, alilaza mambo matatu: mtia saini atafika saa kumi jioni kila siku kuitetea namba yake, Kona na benchi zake zitabaki mahali pake kwa ajili hiyo, na hali itakuwa hivyo mpaka mechi themanini na moja zitimie, au mtia saini aifute hadharani. Miaka kumi na tisa ya kazi ilimfundisha kwamba hakuna mkubwa anayevuka mkato wa tatu.

Jumamosi ililetwa bendi. Walikuja wageni watatu kutoka mkoani. Ilipoitishwa kura mikono yote ilikwenda juu, ya Yuyo yote miwili. Larrinaga akafungua waraka, akafunua kurasa, akafika kwenye Kifungu cha Tisa, akasimama hapo. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Uwajibikaji shirikishi," akasoma Mkurugenzi kwa sauti, kwa ridhaa ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Akatia saini. Wageni wa mkoani nao wakasaini chini yake, maana ushindi mwingi kiasi kile hauachiwi mtu mmoja. Mihuri mitatu ikagongwa. Makofi yalikuwa marefu mpaka bendi ikakaa chini kuyasubiri.

Msimu ukafunguliwa. Kaa walipoteza mechi ya kwanza tisa kwa bila. Kesho yake saa tisa na nusu ujumbe wa watu wanne, wameoga, wamechana nywele, ukafika ofisini kwa Mkurugenzi na nakala ya Kifungu cha Tisa, kumsindikiza hadi Kona. Akajibu kwamba ana kikao. Wakapeleka nakala mkoani. Mkoa, ambao haujawahi kujibu barua ya Santa Rufina chini ya miezi mitatu, ulijibu siku ile ile: waraka wenye mhuri wa Mkoa unatekelezwa kama ulivyo. Kama Mkurugenzi anataka kuifuta namba hiyo hadharani, afike kwanza aeleze ni kwa nini aliusainisha Mkoa mechi sita zisizokuwepo duniani.

Larrinaga akaja Kona. Siku ya kwanza alikuja na kiti, akaelezwa kwa heshima kwamba mtetezi husimama. Siku ya pili Mama Zoraida alimwomba awataje wachezaji tisa wa kuanza. Akataja sita. Mmoja alikuwa amefariki, mwingine alikuwa dereva wake. Wiki ya pili sauti ilikuwa imemkauka, na watu wa miji ya jirani walikuwa wakija na watoto kumsikiliza. Wakamwambia mrushaji wake anarusha kama anayelisha kuku. Akasema suala hilo linafanyiwa kazi. Wakamuuliza na nani. Akasema na wahusika.

Baada ya mechi ya kumi na moja, ambayo Kaa waliipoteza kama zile kumi, duara lilikuwa na watu mia mbili. Larrinaga alisimama katikati, shati limemganda mwilini, na kwa mara ya kwanza ikaonekana amejiandaa.

"Nyinyi mnaona kushindwa," alisema. "Mimi naona akiba. Zile mechi themanini na moja zipo zote. Hatujatumia hata moja."

Kwa viwango vya pale, hiyo haikuwa hoja mbaya. Yuyo alikuna kichwa. Hata Mama Zoraida alionekana kuipima ulimini.

Ndipo Wenceslao Quiala, ambaye hakuwa amesema neno tangu msimu uanze, akajikuta ndani ya duara.

"Ndugu Mkurugenzi, zimebaki mechi sitini na nne," alisema. "Zihesabu hapa, tukiona, mpaka ufike themanini na moja."

Watu mia mbili walisogea hatua moja. Larrinaga akageuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta mtu wa kumwandikia jibu. Kona, yenye muda wote duniani na kibali chenye mihuri mitatu, ikasubiri.