Kiitikio Kimoja Kinatosha

Jumatatu, 3 Agosti

Vita vimeanza. Shangazi Recho amesimama mlangoni mwa studio, akapima chumba kwa macho, akasema mahindi yake yanashuka kutoka Nanyala wiki ijayo na hana pa kuyaweka ila humu. Humu! Ndani ya Lwitiko Sound. Nikamkumbusha kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenipa chumba hiki. Akasema ndiyo, na mahindi nayo ni yake mwenyewe.

Nikamwambia mimi ni prodyuza. Akasema prodyuza ni mtu aliyetoa wimbo, na mimi tangu niingie humu nimetoa tangazo la sumu ya panya tu. Ni kweli. Lakini tangazo lilikuwa zuri.

Mwisho tumepatana. Nirekodi wimbo wa mavuno wa kwaya yao ya akina mama, Jumapili wakauimbe kwenye sikukuu Vwawa. Wataimba kwa flashi kama kwaya zote siku hizi, flashi inaimba na wao wanacheza na kuitikia juu yake. Ukiwa mzuri, chumba changu. Ukiharibika, gunia la kwanza linakaa kwenye kiti changu.

Jumanne, 4 Agosti

Akina mama wamekuja, wamejaa hadi mlangoni. Wimbo una beti tisa, na baada ya kila ubeti kiitikio. Hawapunguzi hata mmoja, maana kila ubeti unashukuru zao lake. Nikapendekeza maharage na njegere vikae ubeti mmoja. Mama Gwantwa, mwalimu wao, akaniangalia mpaka nikajifanya natafuta waya.

Wakaona joto. Wakafungua dirisha la barabarani, lile la kulia. Nikasema studio haifunguliwi dirisha. Wakasema basi studio ibaki na joto lake, wao wanaondoka. Dirisha likabaki wazi.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Programu yangu ina ukurasa wa kupangia wimbo. Kila sauti inatokea kama kipande chenye rangi. Unakikata, unakisogeza, unakikopi na kukipesti popote. Sasa mtu aimbe kiitikio kilekile mara tisa kwa nini, kwani anafukuza ndege shambani? Wameimba beti zote na kiitikio mara moja tu, nikawaruhusu. Wamenibariki. Shangazi kasema hajawahi kuniona na akili namna hii.

Jumatano, 5 Agosti

Nimepesti. Kiitikio cha kijani, mara tisa, kimejipanga kama tofali za kuchoma. Katikati yake nimeongeza kinanda, kitamu mno. Nimesikiliza kwa hedifoni. Upande wa kulia ulikufa tangu Pasaka, lakini wa kushoto unatosha. Fundi hasikilizi kwa wingi wa masikio. Safi kabisa.

Zabron wa Vwawa, yule mwenye studio yenye kioo, kaandika kwenye grupu la maprodyuza kwamba Lwitiko anarekodia ghalani. Nani kamwambia habari za mahindi? Na ndiye atakayeshika mitambo Jumapili. Nimemjibu kwa kidole gumba. Kidole cha dharau.

Nimemrushia Shangazi wimbo kwenye simu, wakafanyie mazoezi.

Alhamisi, 6 Agosti

Shangazi karudi mazoezini anacheka peke yake. Kasema akina mama wamepapenda sana pale katikati ya kiitikio. Ni kinanda changu hicho. Nilijua. Kanipikia kande, nikala taratibu kama mtu mwenye jina.

Ijumaa, 7 Agosti

Balaa.

Nilikuwa kwa Ferdinand, fundi simu. Kaupiga wimbo wangu kwenye spika kubwa. Kikaingia kiitikio, "Asante Bwana kwa mavuno", mara lori likapiga honi. Sikugeuka. Sisi wa Tunduma honi hatuzisikii tena. Tumekulia kwenye foleni ya mpakani, lori likikupigia honi mgongoni unaendelea kutafuna muhindi wako. Kiitikio cha pili, honi. Palepale. Cha tatu nikatoka kumtafuta huyo dereva anayejua muziki kiasi hiki. Foleni ilikuwa imezima injini, madereva wamejilalia chini ya magari.

Honi imo ndani ya wimbo. Iliingilia dirishani, upande wa kulia, ule uliokufa kwenye hedifoni, na nimeipesti mara tisa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ferdinand kaniuliza honi tamu hivi nimeipata wapi. Nimemwambia aniazime spika na anyamaze.

Jumamosi, 8 Agosti

Sijamwambia Shangazi. Nimwambie ili iweje? Nimechukua kile kisu cha kwenye programu, nikaikata honi, na kinanda changu kikaenda nayo. Iliniuma. Pakabaki tundu. Nikaliziba kwa ngoma, ikasikika kama mtu anaanguka na masufuria. Nikaliacha wazi. Kimya kidogo, cha kiroho. Kisha nikakikopi kiitikio safi, nikakipesti juu ya vyote, nikasevu.

Flashi ilikuwa mezani kwa Shangazi. Nimeuondoa wimbo wa zamani na kuweka mpya, yeye yuko kisimani. Kesho nitamwonea huruma Zabron.

Jumapili, 9 Agosti

Vwawa. Kanisa limejaa. Zabron mitamboni, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba ya Mungu. Kwaya ikaingia na vitenge vipya. Ubeti wa mahindi, sawa. Kiitikio. "Asante Bwana kwa mavuno." Akina mama wote wakanyoosha mkono juu, wakashika hewa, wakavuta chini. Kama dereva anavuta kamba ya honi.

Kimya.

Ndipo nikaelewa. Walichopenda hakikuwa kinanda. Siku zote hizi wamefanya mazoezi ya honi, wameitungia na staili, lori la mavuno linaingia mjini. Na mimi nimelifuta. Mama Gwantwa akamgeukia Zabron. Zabron akapapasa vitufe, jasho linamtoka. Shangazi hakumwangalia Zabron. Alinitafuta mimi, akanipata nyuma ya nguzo.

Nililiona gunia kwenye kiti changu. Lakini kilichonichoma si chumba. Shangazi yangu alikuwa amesimama mbele ya watu wote mkono hewani, kwa sababu aliniamini.

Kiitikio cha pili. Mikono juu, wakavuta. Na Shangazi Recho, mzee wa kanisa, mwanamke asiyepiga hata chafya ibadani, akafungua kinywa: "Poooooo!" Nzito, ya lori lenye tela. Cha tatu kwaya nzima ikapiga naye. Cha nne na watoto. Kwenye ubeti wa kahawa mchungaji mwenyewe alivuta kamba. Walipofika kwenye maharage kanisa lilikuwa stendi ya malori, watu wanacheka na kushukuru kwa pamoja.

Nje Zabron kaniuliza, kwa sauti ndogo, nani alipanga ile sehemu ya kimya ya kuwaachia watu waitikie. Nikasema mimi. Kupanga wimbo hakuhitaji kioo, nikamwambia.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Tukarudi pamoja, tukafika Mpemba. Hapo akasema kitu kikiharibika mtu anamwambia shangazi yake, hambadilishii flashi. Nikasema ndiyo, Shangazi, nimekoma. Akasema chumba ni changu. Mahindi atayaweka barazani chini ya dirisha langu, kuku atawafukuza mwenyewe. Kisha akavuta kamba hewani, taratibu, akacheka mpaka akaniegemea begani.

Jumatano, 12 Agosti

Imekuja kwaya kutoka Isongole. Inataka wimbo mzuri kama ule. Beti ni nyingi kuliko za akina mama. Nimewaambia waimbe kiitikio mara moja tu, mengine waniachie mimi. Wamenibariki.

Safari hii nimejipanga. Kabla ya kurekodi nilikwenda hadi kwenye foleni, nikawasalimia madereva wa Zambia kwa Kibemba, mulishani, nikawaomba honi wazipumzishe. Wamekubali. Zabron hawezi kufikiria jambo kama hili. Dirisha tulifungua, joto kali. Barabara kimya kabisa. Ni Shangazi tu barazani, alikuwa akiwaambia kuku wa jirani waliovamia mahindi kwamba atawachinja wote, kuanzia jogoo.

Spika nimemrudishia Ferdinand, sioni kazi yake. Nimepesti kiitikio mstari mzima, nikasikiliza kwa sikio la kushoto.

Safi kabisa.