Tundu la Mlango wa Kushoto

Kinyozi aliisoma habari ile akiwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, gazeti mkono mmoja, wembe mkono wa pili.

"Nyie, sikilizeni! Televisheni inaurudisha ule mchezo wa polisi wa zamani, ule wa Inspekta. Halafu wanalitafuta gari lake. Ile Pijo nyeupe. Wanataka kuiweka kwenye ukumbi wao, watu wakaione."

Benchi zima la wanywa kahawa likageuka kutazama ng'ambo ya barabara, palipoegeshwa Pijo nyeupe ya Klachi. Klachi mwenyewe akapaliwa na kahawa.

Mzee huyu alikuwa dereva wa ofisi mpaka alipostaafu, na gari lile alilinunua kwa dalali ambaye hakujua lilikotoka. Siku ya kwanza kulileta kijiweni, ulimi ukamponyoka: hili ndilo gari la Inspekta. Pingamizi, karani wa mahakama aliyekuwa akipinga hata salamu, akamwambia alete ushahidi. Kwenye mchezo gari lilipigwa risasi mlango wa kushoto. La kwako risasi iko wapi? Jumapili iliyofuata Klachi aliazima drili ya fundi mageti, akajifungia uani, akatoboa. Jumatatu tundu lilikuwepo, na Pingamizi akafyata mkia. Huu ni mwaka wa ishirini Klachi anakaa upande wenye kivuli, na neno lake kuhusu magari halipingwi. Siri ya tundu hakumwambia mtu, hata mkewe, ambaye kila mvua ikinyesha hulowa paja la kushoto na kumlaani jambazi aliyefyatua.

"Waongo hao," Klachi alisema, akijifuta kidevu. "Televisheni na magari wapi na wapi?"

"Mzee, usiwe mnyonge," Kinyozi alimjibu. "Nani anaujua mchezo ule kama sisi? Mimi kanda zote ninazo. Sehemu ya nne muuaji alitoroka na nini?"

"Datsun ya milango miwili," Pingamizi alidakia. "Gurudumu la nyuma halina kifuniko."

"Na muuaji alikuwa nani?"

"Muuaji ndio nani tena? Mimi nilikuwa naangalia gurudumu."

"Umeona? Mke wangu mwisho wa sehemu ya saba analia, eti muuaji ni shemeji mtu. Namwambia hebu nyamaza, rudisha nyuma, kile kioo cha pembeni si cha gari lile!"

"Ya saba mnaijua, ya sita je?" Pingamizi alikwishanogewa. "Inspekta anaifukuza Pijo ya majambazi mji mzima. Tazama bampa. Ni Pijo hiyohiyo! Walikuwa na gari moja tu. Wamelipiga picha likienda, wakaligeuza, wakalipiga likirudi."

"Ndio maana hakuwakamata!"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Klachi alicheka pia, kicheko cha meno tu, kisha akasimama kutafuta funguo. "Ngoja nilipeleke gari likaoshwe."

"Usiliguse!" Kinyozi alimshika bega. "Nimeshawapigia simu tangu asubuhi. Wako njiani."

Klachi akakaa. Aliona wazi jinsi siku itakavyokuwa: wataalamu watakuja, watacheka, na yeye kesho hatakuwa na pa kunywea kahawa.

Aliyekuja alikuwa binti mmoja tu, na faili kwapani.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lile pale, na mwenyewe huyu hapa."

Hakupoteza muda. Alifunguliwa boneti, akaweka karatasi kuukuu kando ya injini, akasoma namba ya chesisi kwa kidole, tarakimu moja moja. Akarudia. Kisha akainua uso, machozi yakimlengalenga.

"Ni lenyewe," alisema. "Babu, ni lenyewe kabisa. Tumelitafuta mpaka tumekata tamaa."

Klachi alishikilia boneti isimwangukie. Lenyewe? Furaha ilimpanda ghafla, akatamani kumkumbatia binti wa watu. Miaka yote hiyo alidhani anadanganya, kumbe!

Binti akazunguka upande wa kushoto. Akasimama.

"Na hili tundu?"

"Risasi!" benchi liliitikia kwa pamoja.

"Risasi gani, wazee wangu? Ile ilikuwa karatasi nyeusi imebandikwa kwa gundi. Gari lilikuwa la mjomba wake mwongozaji, aliliazima kwa sharti lirudi bila mkwaruzo." Akatoa bahasha ndani ya faili. Ndani yake mlikuwa na kiduara cha karatasi, kikubwa kama kifungo cha shati. "Karatasi yenyewe hii hapa, tumeitunza. Tulitaka kuibandika tena palepale, mbele ya wageni."

Akakipeleka kile kiduara mlangoni. Hapakuwa na pa kukibandika.

"Binti, wewe ulizaliwa juzi," Kinyozi alipandisha sauti. "Sisi tulikuwepo!"

"Mlikuwepo wakipiga picha?"

"Tulikuwepo mbele ya televisheni!"

Pingamizi naye akasimama. "Mimi hapa napinga kila kitu, waulize. Tundu lile sijawahi kulipinga. Nyie ofisini ndio mmekosea."

Hapo Klachi hakuweza kuvumilia tena. Kutetewa na Pingamizi kulimuuma kuliko kuumbuliwa.

"Nilitoboa mimi," alisema. "Kwa drili. Jumapili."

Binti alirudisha karatasi yake kwenye bahasha polepole, akasema atawauliza wakubwa kama gari lililotobolewa bado linafaa, lakini kwa sauti ya mtu anayejua watakalomjibu. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Klachi alimtazama akiishia, na roho ilimuuma vibaya sana.

"Kwa nini, lakini?" Kinyozi aliuliza.

"Si huyu alitaka ushahidi!"

Pingamizi alivua miwani. "Ngoja kwanza, tuende taratibu. Uliposema ni gari la Inspekta, ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Kwa hiyo ulikuwa unadanganya."

"Ndiyo."

"Na gari lilikuwa lenyewe."

"Si umesikia?"

Pingamizi alifuta miwani kwa pindo la shati, akamtazama rafiki yake kwa huruma kubwa.

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja, Klachi. Waongo nimewaona wa kila namna. Ila mtu wa kudanganya akakosea, wewe ndiye wa kwanza."