Jinsi Shaibu Alivyoagiza Kuku kwa Mdomo

Enyi mnaokunja vitenge Kariakoo, nanyi mnaopandisha marobota ghorofani Mchafukoge, tueni mizigo mnyamaze, niwasimulie vita alivyopigana Shaibu bin Haruna, muuza mapazia wa Mchafukoge, sultani wa mpira wa kwenye simu, ambaye vidole gumba vyake vilitia watu hofu toka Gerezani hadi ng'ambo ya Magogoni.

Shujaa huyu alikuwa na mke, Anifa, mpole wa sauti, mzito wa neno. Jumamosi moja alasiri, ndoa yao ikitimiza mwaka, akamtoa kwenda kula. Mlangoni mwa mgahawa Anifa akasimama, akanena:

"Mume wangu, mwaka mzima nakula na utosi wako. Simu yangu nimeiacha nyumbani makusudi. Ukiishika yako kabla sahani hazijaondolewa, naenda kwa mama, na kuku utamla na hao wachezaji wako."

"Wallahi siishiki," akaapa Shaibu.

Lakini jueni kwamba saa ileile fainali ya mpira huo wa simu ilikuwa ikianza, na hasimu wake, Idrisa wa Kigamboni, alikwisha kuingia uwanjani akimngoja.

Wakaketi. Simu, iliyolazwa kifudifudi, ikaanza kunguruma mezani kama ngoma ya vita. Vidole gumba vya shujaa vikashtuka kama farasi waliosikia baragumu. Akavikalia.

Akaja mhudumu, Beno. "Karibuni. Menyu ipo kwenye simu, bosi. Skani hiyo alama hapo mezani, na oda inaingia hukohuko."

"Niletee ya karatasi."

"Karatasi tuliacha zamani, bosi."

Loo, mtego! Anifa aliinua unyusi mmoja. Simu ikanguruma tena. Basi Shaibu akainuka, akakata kati ya meza na trei za chai, akausukuma mlango wa jikoni. Moshi ukamlaki, mafuta ya moto yakamrushia mishale. Mzee Uwesu, amiri wa makaa, akageuka na koleo mkononi.

"Nani wewe unayeingia jikoni kwangu?"

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni mume wa mtu, na nimekula kiapo. Simu siigusi, na nikirudi mikono mitupu sina ndoa. Niambie kwa mdomo una nini, nami nikuagize kwa mdomo!"

Uwesu akashusha koleo. "Marahaba. Nina kuku wa kuchoma. Mkeo anapenda paja au kidari?"

Hapo simba akanywea. Mwaka mzima, na hakujua! Jasho likamtoka, na si la makaa. Akatoa kichwa kwenye dirisha la kupitishia sahani, akapaza sauti mgahawa wote ukageuka:

"Anifa! Paja au kidari?"

"Kidari!" akajibu Anifa. "Mwaka mzima unaniletea paja!"

Wateja wakaangua kicheko, mmoja akapiga meza. Anifa naye akacheka, mpaka mtandio ukamtoka kichwani.

Wakala. Shaibu akaona kwamba mkewe hukamua ndimu kwanza, kisha hulamba kidole, ndipo huanza kusimulia. Simu ilinguruma, ikachoka, ikanyamaza. Beno alipoondoa sahani Anifa akasema, "Haya, chukua simu yako."

"Subiri," akasema Shaibu. "Malizia kwanza ile habari ya shangazi yako na fundi wa friji."

Basi itangazwe masokoni na bandarini, wajukuu waambiwe: siku hiyo Idrisa wa Kigamboni alitwaa kombe bila kupiga shuti hata moja, na Shaibu wa Mchafukoge akaagiza chai, vikombe viwili.