Baa Lililonipata Rennes

Jumapili, 7 Septemba
Hili sijamwambia mtu yeyote: mwezi uliopita niliingia baa. Mimi, Rawan, ambaye darasani nikiulizwa jina langu hulisahau! Tulikwenda Ufaransa, mji wa Rennes, kumtembelea kaka yangu Talal anayesoma huko. Baba na Mama wako madukani, Talal akanipitisha baa ya wanafunzi. Nusu saa tu. Nikanywa sharubati ya nanaa. Wallahi nanaa. Nikacheza mpira wa mezani, ule wa vijitu vya mbao. Nikafunga! Watu arubaini wakapiga kelele: Ghawan! Ghawan! Wafaransa "r" hawana, wana ghaini, ile "gh" ya Kiarabu. Sijapata kupendwa na watu wengi hivyo kwa mpigo.

Naandika Kiswahili kwa sababu shuleni hapa Maskati ni Kiarabu na Kiingereza tu, hakuna atakayeelewa. Nyumbani wote wanaelewa. Hilo nimelifikiria sasa hivi.

Jumatatu, 8 Septemba
Bashayer, binti ami yangu anayekaa mtaa wa Hail, kanipigia kunisimulia safari yake ya Dubai. Mara ya tisa. Safari hii hadithi imeongezewa chui. Uvumilivu ukaniishia, nikamwambia mimi niliingia baa. Chui akasahaulika hapo hapo. Tamu!

Nageuka, Bibi yuko mlangoni.

Sasa, Bibi kazaliwa Unguja, na kwake baa ni balaa, nuksi, msiba. Akaniuliza kwa huruma limenipata baa gani huko Ulaya. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli. Nikasema: mbwa.

Jumanne, 9 Septemba
Mbwa jana alikuwa mmoja. Leo ni watatu, na sijui nani kawaongeza. Bibi kanisomea, kanifukiza ubani mpaka nakohoa. Filomena, anayetusaidia kazi, mtu wa Songea, kapita na ndoo akaninong'oneza kwamba kwao baa zina bia, mbwa hazina. Nikampa chokoleti yangu yote ya Ufaransa anyamaze. Akaipokea. Akasema hata bila chokoleti asingesema.

Jumatano, 10 Septemba
Hatari! Bibi kamwambia Baba kuwa mjukuu wake haishi kwenye mji wenye baa kama lile. Talal arudi, amalizie masomo hapa hapa Maskati. Baba hubishana na wizara nzima, lakini na Bibi habishani. Na Talal kabakiza mwaka mmoja! Maskini kaka yangu, anaharibiwa masomo na mbwa wasiokuwepo.

Nimemwandikia: Bibi kajua habari ya baa, mwambie ni jambo dogo. Mpango safi.

Alkhamisi, 11 Septemba
Bibi kampigia Talal kwa video. Simu nimemshikia mimi.

"Mwanangu, baa lile bado lipo?"

"Lipo, Bibi, nyuma ya chuo. Linafunguliwa saa kumi na moja."

Bibi akaitazama simu. Akanitazama mimi. Simu ikaniponyoka.

Nikasema yote. Nanaa, vijitu, goli. Nililia mpaka leso yake ikarowa. Akauliza, walikuwa wakikuitaje? Nikamwambia. Akacheka hata akavua miwani. Mbwa kawafukuza wote watatu, Talal atabaki.

"Baa ni kunificha mimi mambo," alisema. "Na baba yako nnataka umwambie mwenyewe. Ijumaa isiishe."

Ijumaa, 12 Septemba
Tangu asubuhi Bibi ananiita Ghawan. Ghawan, lete chai. Ghawan, piga pasi kanzu ya baba yako. Ghaini yake safi kuliko ya Wafaransa. Baba kauliza mara mbili jina hilo limetoka wapi, Bibi kamjibu amuulize mwenyewe mwenye jina.

Nimefikiri sana na nimejifunza. Kosa langu lilikuwa neno. Baa sitaitaja tena. Nitamwambia Baba niliingia maktaba. Ipo nyuma ya chuo, imejaa wanafunzi, hufunguliwa saa kumi na moja. Karibu kweli tupu! Bashayer nimeshampanga, ataapa kwamba aliona picha. Nani anaulizia maktaba?

Nyayo ukumbini. Si ndara za Bibi, hizi nzito. Anagonga.

"Ghawan, fungua. Nimekuletea sharubati ya nanaa."

Baba kalizoea jina upesi. Ya nanaa kaijuaje? Si kitu, mpango uko pale pale. Maktaba, maktaba, maktaba. Daftari chini ya mto, naf