Mwenyekiti Aliyehudhuria Nusu

Kwetu Lindrud, kijiji cha wakulima kaskazini mwa Marekani, watu watatu wakila donati kwenye meza moja wanaweza kupelekwa mahakamani.

Si watatu wowote. Wewe na shemeji zako kuleni mpaka mpasuke. Ninaowasema ni wajumbe wa bodi ya shule. Bodi ina watu watano, na sheria ya jimbo inasema watatu wakikaa pamoja na kuanza kuongelea shule, huo tayari ni mkutano. Na mkutano sharti ubandikwe tangazo mlangoni pa shule mapema, ili mwananchi mwenye hamu ya kusinzia kwenye kiti cha chuma asinyimwe haki yake.

Sheria nzuri sana. Ila mji wetu una mgahawa mmoja, kanisa moja na ghala moja la nafaka. Sasa hao watano wakimbilie wapi? Ndiyo maana wamejitungia adabu yao. Mjumbe wa tatu akiingia mgahawani na kuwakuta wenzake wawili, anachukua kikombe chake na kwenda kunywea nje, dirishani, theluji ikimdondokea kwenye kahawa kama sukari ya bure. Alipozikwa mzee Ingebrit, wawili walibeba jeneza, wa tatu akalifuata kwa mbali kama mbwa aliyefukuzwa jikoni.

Mwenyekiti wa bodi hiyo ni Verlyn Haugstad. Verlyn ana ng'ombe wengi, soya nyingi, na maneno mengi kuliko ng'ombe na soya vikijumlishwa. Kiunoni huvaa mkanda wenye bamba la shaba pana kama sahani ya chai, zawadi aliyoshinda kwenye mashindano ya matrekta enzi za ujana wake. Akiingia mahali, bamba linaingia kwanza, linasalimia, halafu yeye anafuata.

Majira yale ya baridi shule ilikuwa taabani. Serikali ya jimbo hutoa fedha kwa kila kichwa cha mwanafunzi, na vichwa vimepungua: mashamba yamenenepa, familia zimekonda. Kinachobaki ni kodi ya ardhi, nayo imewekewa kikomo. Ukitaka kukivuka, wananchi wapige kura. Na ili wananchi wapige kura, kwanza bodi ikubali kuwauliza. Kura tatu za wajumbe, Jumatatu inayokuja, basi. Zikikosekana, shule yetu inamezwa na ya Kessler.

Kessler wako maili kumi na mbili kutoka kwetu, na wangekuwa mbali zaidi kama dua zetu zingejibiwa. Timu yetu inaitwa Nyegere, yao inaitwa Tai. Kuna mabibi hapa ambao wangeomba kuzikwa mapema kuliko kumwona mjukuu ndani ya jezi ya Tai.

Hesabu ya bodi ilikuwa rahisi hata kwa Verlyn. Mjumbe mmoja hukimbilia jua la Arizona kila theluji ya kwanza ikianguka, kama korongo, na hurudi akiwa amebabuka. Mwingine hupinga kila kitu, hata kuahirisha mkutano. Verlyn mwenyewe alikuwa upande wa kodi. LaDonna Eich, mwenye mgahawa, vilevile. Akabaki Delmar Pruss.

Delmar ana ardhi nyingi kuliko mtu yeyote wilayani, na kodi ya ardhi humwuma kuliko jino.

"Niachieni Delmar," Verlyn alitangaza mgahawani siku ya Ijumaa, akijigonga midomo kwa kidole. "Mdomo huu umewahi kumuuzia fahali kilema mtu mwenye miwani."

"Delmar hajakubali kitu tangu alipokubali kuoa," LaDonna alimjibu huku akimimina kahawa. "Na hilo bado analilalamikia."

"Shule hii itaokolewa na mdomo wa Haugstad. Andikeni."

"Mdomo huohuo uliotaka kufuta darasa la karakana?"

"Ile ilikuwa anasa, LaDonna. Watoto wa shule na misumeno ya nini?"

Darasa lenyewe lilinusurika kwa sababu Bwana Renner, mkurugenzi wa elimu wa wilaya, alijitolea kulifundisha saa ya chakula cha mchana. Bwana Renner ndiye pia mwalimu mkuu, kocha wa mpira wa kikapu na dereva wa basi. Akitaka kujifukuza kazi, itabidi aitishe kikao na nafsi zake nne.

Jumamosi Verlyn akashika njia ya ziwani. Ziwa lilikuwa limeganda unene wa kubeba malori, na Delmar alikuwa kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, alichokiunga kwa plaiwudi za banda la kuku. Kibanda kina mlango mmoja, kadirisha kamoja, na tundu moja kwenye barafu ambapo Delmar hukaa akilitazama kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Verlyn aliingia na soseji ndefu kama mkono wake. Wawili kibandani: halali kabisa.

"Delmar, ndugu yangu, watoto wako walisoma pale."

"Wameshamaliza."

"Wajukuu je?"

"Wako Minneapolis. Wanakula majani." Delmar alikata kipande cha soseji. "Kodi inakaa juu ya ardhi, Verlyn. Ardhi inakaa juu ya mgongo wangu."

"Na Nyegere? Utawaacha Nyegere wafe?"

Delmar alitafuna. Akakata kipande kingine. Verlyn anaapa mpaka leo kwamba yule mzee alikuwa anaanza kulainika. Mimi nasema ilikuwa soseji.

Hapo ndipo pikipiki ya theluji iliponguruma nje na kuzimika mlangoni. Verlyn akachungulia ufa. LaDonna, na mikononi ana pai ya tufaha. Naye alikuwa na mbinu yake.

"Wa tatu!" Verlyn alinong'ona, rangi ikimtoka. "Delmar, tutakuwa watatu. Na kibanda cha pili pale ni cha Marvella."

Marvella Quist ndiye mhariri, mwandishi, mpiga picha na msambazaji wa gazeti letu la wiki. Haijawahi kutokea bodi ikapiga chafya pamoja bila yeye kuandika.

"Basi toka," alisema Delmar.

"Nitokee wapi, LaDonna yuko mlangoni!"

Delmar alielekeza kadirisha kwa kisu chenye soseji.

Mtu mwingine angesema tu "karibu, mama" na kuongelea hali ya hewa. Lakini Verlyn alikuwa ameshawatangazia watu kwamba anaijua sheria kuliko aliyeitunga. Akapanda ndoo, akatanguliza mikono, kichwa, kifua, tumbo kwa awamu. Bamba la shaba likapita, likaning'inia nje na kujinasa chini ya fremu. Makalio yakafika dirishani, yakatafakari, yakakataa.

LaDonna akafungua mlango. Akasimama. Akaweka pai juu ya jiko.

"Delmar," akasema taratibu, "hicho ni nini?"

"Mwenyekiti."

"Anafanya nini?"

"Anaheshimu sheria."

Sauti ikaja kutoka nje, imebanwa kama ya bata mzee: "Msiongelee shule! Sipo!"

"Uko nusu," LaDonna alimwambia. "Delmar, nusu inahesabika?"

"Inategemea ipi. Mikono ya kupigia kura iko nje."

"Mdomo nao uko nje."

"Basi hapa hatuna mjumbe. Tuna suruali tu."

Wakajaribu kumvuta ndani. Bamba likagoma. Wakajaribu kumsukuma nje. Makalio yakagoma. LaDonna alisukuma kwa bega kama anayefunga friji iliyojaa, na kila akisukuma, upande wa pili ulitaja jina la Bwana.

Kelele zikamtoa Marvella. Alikuja akitembea kwenye barafu bila haraka, akachuchumaa mbele ya kichwa cha Verlyn, akatoa kalamu.

"Mwenyekiti, habari za mchana. Huu ni mkutano?"

"Sina la kusema."

"Ulitangazwa?"

"Marvella, pua yangu inaganda."

"Mko wangapi humo ndani?"

Delmar akajibu kupitia ukuta: "Wawili na kiasi."

Marvella aliandika, kisha akapiga simu. Kikosi chetu cha zimamoto ni cha kujitolea, na wote waliojitolea wana nyonga za bandia au wako Arizona. Kikosi cha Kessler kingekuja, lakini Verlyn aliposikia jina hilo alisema heri agande pale awe sanamu. Basi Marvella akampigia Bwana Renner, aliyekuwa ukumbini akifundisha timu ya wasichana.

Basi la njano likateremka ziwani na Nyegere wote ndani yake, makoti juu ya bukta. Bwana Renner akakizunguka kibanda, akapima kwa jicho.

"Tukate ukuta," akasema.

"Guseni ukuta wangu mtaona," Delmar alifoka kutoka ndani. "Plaiwudi ile ni nzima. Mkateni yeye."

"Kata lile bamba," alisema LaDonna.

"Bamba langu? Nililishinda!" Verlyn alilia. Lakini meno yalikuwa yameanza kugongana, na maneno yakatoka vipande vipande, jambo ambalo wengi tulilifurahia kimyakimya.

Akatoka Kaylin Bohlen, mchezaji wa timu na mwanafunzi bora wa karakana, na msumeno wa kukatia chuma kutoka sanduku la basi. Akajilaza kwenye theluji chini ya tumbo la mwenyekiti kama fundi chini ya lori.

"Samahani, mzee Haugstad, vuta pumzi," alisema. "Uliwahi kusema hii misumeno ni ya nini vile?"

Mwenyekiti alivuta pumzi.

Msumeno ukalia. Delmar akatoka, mikono mfukoni, akasimama kumtazama yule binti. Binti hakukosea hata mara moja, hakugusa mbao, hakugusa ngozi. Shaba ikakatika vipande viwili, mkanda ukalegea. Wasichana wakashika mikono ya mwenyekiti, wanne upande huu na wanne upande ule, Bwana Renner akapuliza filimbi, wakavuta.

Verlyn akatoka kama kizibo. Suruali ikabaki ndani kwa Delmar.

Kwa hiyo mwenyekiti wa bodi ya shule ya Lindrud akasimama katikati ya ziwa, mbele ya taifa zima la Nyegere, ndani ya chupi ndefu nyekundu yenye mlango wa nyuma wa vifungo. Bwana Renner akawaamuru wasichana wageuke. Marvella hakuwa mwanafunzi wake.

Jumatatu ukumbi ulifurika. Tangazo lilikuwa limebandikwa mapema, wajumbe wanne walikuwepo, wazima wazima. Verlyn alikuwa ameandaa hotuba, lakini kila alipofungua mdomo mtu alikohoa nyuma. LaDonna akatoa hoja kwamba wananchi waulizwe kuhusu kodi. Wakatazamana na Delmar.

Delmar alisimama, jambo ambalo hufanya mara moja kwa mwaka.

"Nimefikiri," alisema. "Shule ikienda Kessler, na basi linakwenda, na Renner anakwenda, na yule binti wa msumeno anakwenda. Tunabaki sisi wazee na madirisha. Bila wao, Jumamosi ningesubiri zimamoto wa Kessler mpaka jioni, niko ndani ya kibanda changu na ule upande wa Haugstad, tunatazamana. Kodi inauma. Lakini ile ingeuma zaidi. Naunga mkono."

Tatu kwa moja. Aprili wananchi wakapiga kura, kodi ikapita, na Nyegere wakaendelea kufungwa na Tai kama kawaida, lakini kwa jezi zao wenyewe.

Asubuhi iliyofuata kura hiyo, Verlyn aliingia mgahawani, kifua mbele, suruali ikishikiliwa na kamba ya kufungia majani ya ng'ombe.

"Si niliwaambia? Nilisema nitamgeuza Delmar, nikamgeuza."

"Ulimgeuza kweli, Verlyn," LaDonna alisema bila kuinua macho kutoka kwenye birika. "Ila si kwa mdomo."

Papo hapo mlango ukafunguka, Delmar akaingia akikung'uta matope. LaDonna, Verlyn, Delmar: watatu. Adabu ni adabu, na shule ilikuwa imeshatajwa. Verlyn akashusha pumzi, akachukua kikombe chake, akainuka atoke nje.

Delmar akamshikia mlango, wazi kabisa, mpaka mwisho wa bawaba.

"Pitia hapa tu, mwenyekiti," alimwambia. "Hapa patakutosha."